Sobremesa: Kukaa Mezani Chakula Kikiisha



Mada niliyopewa ni kueleza nomino moja ya Kihispania, maana yake na jinsi watu wanavyoitumia kila siku. Nimechagua sobremesa. Wengine mlitarajia siesta, kwa kuwa ndiyo iliyosafiri zaidi. Lakini siesta imeshakuwa mali ya matangazo ya utalii, na siku ya kazi mtu wa Madrid hapati nafasi ya kulala mchana, kama tusivyoipata sisi. Sobremesa haikusafiri hivyo. Imebaki nyumbani, midomoni mwa watu wanaoitumia bila kuifikiria, na ndiyo maana inafaa kuchunguzwa. Ndani yake mna utaratibu mzima wa kukaa pamoja, ambao wenyewe hawaufundishi shuleni.

Muundo wake ni mwepesi. Sobre ni "juu ya". Mesa ni meza, na hapo hatuhitaji mkalimani. Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498, wakaishika Mombasa kutoka Ngome ya Yesu mpaka walipotolewa mwaka 1698, walituachia mesa yao kama walivyotuachia bendera, leso na gereza. Mesa ya Wareno na mesa ya Wahispania zote ni watoto wa mensa ya Kilatini. Kwa hiyo Mswahili anayeanza kujifunza Kihispania hulitambua nusu ya neno hili kabla hajafungua kitabu.

Kamusi ya Akademia ya Kihispania, taasisi iliyoanzishwa Madrid mwaka 1713, inalipa neno hili maana kadhaa. Moja ni kitambaa kinachotandikwa juu ya meza kwa pambo au kwa usafi. Hiyo ndiyo maana inayofuata muundo wa neno sawasawa, lakini leo ni nadra kuisikia; mtu akitaka kitambaa cha meza husema mantel. Nyingine ni kitindamlo, yaani tunda au kitu kitamu cha kufungia chakula. Nayo imefifia kwa Wahispania, ila imeshamiri kwa jirani zao. Ukikaa mgahawani Lisbon ukaagiza sobremesa, utaletewa keki au tunda. Ukivuka mpaka ukaingia Badajoz ukaagiza vivyo hivyo, mhudumu atakutazama akisubiri umalizie sentensi yako.

Maana iliyo hai kwa Kihispania ni hii: muda ambao watu wanaendelea kukaa mezani baada ya kumaliza kula.

Wapo wanaopenda kusema kwamba neno hili halitafsiriki. Sikubaliani nao. Nimelieleza sasa hivi kwa sentensi moja, na hakuna hata mmoja wenu aliyeachwa gizani. Kinachohitaji uangalifu ni kitu kingine. Waarabu, Waitaliano, Wakongo na sisi wenyewe tunakaa tukiongea baada ya kula. Wahispania walichofanya ni kuupa muda huo nomino, na nomino ikishakuwapo inabeba mengi. Unaweza kuimiliki, kuirefusha, kuikatiza, kuiharibu na kuidai.

Sikilizeni jinsi wanavyoitumia. Mtu akisema hicimos sobremesa, anasema walikaa wakaongea baada ya chakula. Kitenzi ni hacer, kufanya: sobremesa inafanywa, kama kazi inavyofanywa. Nos quedamos de sobremesa hasta las siete: tulibaki mezani mpaka saa moja jioni, na pengine waliketi kula saa tisa. Alargar la sobremesa ni kuirefusha kwa makusudi, kwa kuagiza kahawa nyingine au kufungua mada mpya pale ya kwanza inapoonyesha dalili za kuchoka. Kisha kuna ile ninayoipenda kuliko zote, estamos de sobremesa. Simu inalia saa kumi alasiri, mtu wa upande wa pili anauliza mko wapi, mnafanya nini. Jibu hilo linatosha. Haliombi radhi. Mtu mwenye adabu atasema basi nitapiga baadaye, kama ambavyo angesema kwa mtu aliye kwenye mkutano.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa leo. Jambo lenye jina linaheshimiwa kwa namna ambayo jambo lisilo na jina haliheshimiwi. Watu wawili walioketi mbele ya vikombe vitupu, bila jina la wanachokifanya, wanaonekana wamezubaa. Wape jina, na ghafla wana shughuli.

Twendeni basi kwenye meza moja, Jumapili, mkoani Valencia. Nimeichagua Valencia kwa sababu chakula chake tunakielewa. Wamepika paella, wali wa zafarani wenye kuku, sungura, maharage mapana meupe na maharage mabichi, kwenye sufuria pana bapa lenye mikono miwili, na pale wanapofuata desturi ya kale moto unawashwa kwa kuni za michungwa. Sufuria linawekwa katikati ya meza. Katika desturi hiyo hakuna sahani: kila mtu ana kijiko cha mti, anakula upande wake tu, kuelekea katikati, na havuki mpaka wa jirani. Mtu aliyelelewa kwenye sinia la pilau hahitaji maelezo zaidi. Chini kabisa pameshika tabaka la wali uliokauka na kuungua kidogo, ambalo wenyewe huliita socarrat. Sisi tunaliita ukoko, na wao huligombea kama wagombeavyo watoto wetu.

Paella ni chakula cha mchana. Wameketi saa nane na nusu, na ikifika saa kumi kasoro robo sufuria limebaki na ukoko wa pembeni tu. Linaondolewa. Wanaletewa machungwa au tikiti. Sasa tazameni meza: maganda ya chungwa yamekunjana, makombo ya mkate yametapakaa kwenye kitambaa, kuna glasi yenye tone la divai, visu vimelala kombokombo. Babu ameanza kuyasukuma makombo kwa ukingo wa kiganja, akiyakusanya kichuguu kidogo mbele yake, akikitawanya, akikikusanya tena. Mtu mmoja anauliza, nani anataka kahawa?

Swali hilo ndilo mlango wa sobremesa. Hakuna anayetangaza kwamba sasa tunaianza. Kahawa inatangaza yenyewe. Yupo anayetaka solo, nyeusi katika kikombe kidogo. Yupo anayetaka cortado, yenye tone la maziwa. Mjomba anataka carajillo, yenye brandi au ramu ndani yake. Watoto wanaomba ruhusa ya kuinuka, kwa swali ambalo kila mtoto wa Kihispania wa malezi ya zamani analijua, ¿puedo levantarme? Wakubwa wanasogeza viti nyuma kidogo, wanakaa upande. Mazungumzo yanabadilika sauti. Wakati wa kula waliongelea chakula: chumvi, mchele, nani alipika vizuri zaidi Pasaka iliyopita. Sasa wanaongelea watu.

Hapa mgeni kutoka kwetu hupata mshituko. Watu watatu wanasema kwa pamoja. Mmoja anamkatiza mwenzake katikati ya sentensi, na aliyekatizwa hakasiriki, anapandisha sauti tu. Siasa, mpira, shamba la bibi ambalo halijagawanywa, ndoa ya binamu, marehemu fulani na vituko vyake. Mezani pa Kihispania kumkatiza mtu ni njia ya kumwonyesha kwamba unamsikiliza kwa moto. Anayekaa kimya kwa heshima, akingoja apewe nafasi, huulizwa kama anaumwa.

Ukoo mzima hufanya maamuzi yake hapo. Kijana anayetaka kuacha chuo hasemi wakati supu inagawiwa, anangoja kahawa. Habari ya ujauzito inatolewa wakati wa kahawa. Ugomvi wa miaka mitano unafufuka wakati wa kahawa, na pengine unakwisha hapohapo, kwa kuwa watu wameshiba na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

Nimetaja mshituko wa mgeni kutoka kwetu, na sina budi kueleza tofauti hii vizuri, maana ni rahisi kusema kwamba sobremesa ni baraza. Siyo. Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kula kuna utulivu wake. Mtu anakula, anashiba, anamshukuru Mungu na mpishi, ananawa, anainuka. Mazungumzo yanahamia kwingine, barazani, penye kahawa chungu, kashata au halua, na mara nyingi pamoja na watu ambao hawakula nanyi. Baraza ni mahali. Ina ukuta wake wa kuegemea, ina saa zake, ina wenyewe. Kitenzi chetu kubarizi kimezaliwa kutokana na mahali hapo.

Wahispania wana neno lililo karibu zaidi na kubarizi, nalo ni tertulia: mkusanyiko wa watu walewale, mahali palepale, kwa ajili ya kuongea. Mwanzoni mwa karne iliyopita Madrid ilijaa tertulia za mikahawani. Mwandishi Ramón Gómez de la Serna alikuwa na yake katika Café de Pombo, na mchoraji José Gutiérrez Solana aliichora mwaka 1920: wanaume wenye suti nyeusi wameizunguka meza, mwenyeji wao amesimama katikati. Café Gijón, iliyofunguliwa mwaka 1888, imepokea tertulia za waandishi kizazi baada ya kizazi. Mtu huenda kwenye tertulia kwa kudhamiria. Kwenye sobremesa haendi mtu. Sobremesa humkuta ameshakaa. Wanaoishiriki hawakuchaguana kwa kupendana mawazo, wamekutanishwa na chakula, na ndiyo maana bibi mwenye miaka themanini, mkwe asiyependwa na jirani aliyealikwa dakika ya mwisho wanalazimika kusikilizana. Kwa maoni yangu hapo ndipo sobremesa inapoizidi tertulia kwa thamani.

Neno hili lina umri mkubwa. Mwaka 1563 mwuza vitabu wa Valencia, Juan de Timoneda, alitoa mkusanyiko wa visa vifupi na vichekesho, akauita Sobremesa y alivio de caminantes. Jina lenyewe linaeleza matumizi: visa vya kusimulia baada ya chakula, na vya kumpunguzia msafiri uchovu wa njia. Maana yake ni kwamba karne ya kumi na sita tayari palikuwa na soko la vitabu vya kuulisha muda huo.

Miaka arobaini na miwili baadaye, mwaka 1605, mwandishi Cervantes alichapisha sehemu ya kwanza ya riwaya yake Don Quijote. Katika sura ya kumi na moja, Don Quijote na mtumishi wake Sancho wanakaribishwa na wachunga mbuzi. Wanakula nyama ya mbuzi iliyochemshwa, kisha zinamwagwa punje za mwaloni na jibini ngumu. Don Quijote ameshiba. Anachukua konzi ya zile punje, anazitazama, na hapo anaanza hotuba ndefu juu ya zama za kale, wakati watu hawakujua kusema changu na chako. Wachunga mbuzi wanamsikiliza kwa mshangao, hawaelewi neno. Sancho naye yuko kimya, anatafuna, na kila mara anakitembelea kiriba cha divai kilichoning'inizwa mtini. Kwangu mimi hiyo ndiyo sobremesa kubwa kuliko zote katika fasihi ya Kihispania, na ina kila kitu kinachohitajika: shibe, kitu kidogo cha kuchezea mkononi, mtu mwenye maneno mengi, na watu wema wasiomwambia anyamaze.

Upande wa pili wa bahari kuna mfano mwingine. José Asunción Silva, mshairi wa Bogotá, aliandika riwaya akaiita De sobremesa. Mwaka 1895 alikuwa akirejea nyumbani kutoka Caracas meli yake ilipozama karibu na pwani ya Kolombia, na maandishi yake yakapotea baharini. Aliiandika upya riwaya hiyo. Alifariki mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka thelathini tu, na kitabu hakikuchapishwa mpaka mwaka 1925. Hadithi yenyewe inaanzia pale marafiki wamemaliza kula, na wanamwomba mwenyeji wao awasomee shajara yake. Kitabu kizima ni kusoma huko. Silva alijua kwamba msomaji wake angekubali bila swali kuwa watu wazima wanaweza kukaa mezani usiku kucha wakimsikiliza mwenzao, kwa sababu msomaji huyo naye alikuwa na sobremesa zake.

Kihispania ni lugha rasmi katika nchi ishirini, mojawapo ikiwa hapa barani kwetu, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968. Desturi hubadilika kufuata vyakula vya mahali. Mexico chakula kikuu cha siku, ambacho huitwa comida, huliwa kati ya saa nane na saa kumi alasiri, na Jumapili familia hukaa mpaka giza, pengine kwa kahawa iliyochemshwa katika chungu cha udongo pamoja na mdalasini na sukari guru. Argentina sobremesa ya Jumapili hufuata nyama choma, asado, na kabla ya watu kujiachia vitini mtu husema kwa sauti un aplauso para el asador, wote wakampigia makofi aliyesimama motoni. Kisha karata zinatolewa, mchezo wa truco, ambao nusu yake ni kudanganya kwa uso mkavu. Uhispania kaskazini karata ni za mus, na wachezaji wawili wawili hupeana ishara za siri kwa kukonyeza jicho au kuuma mdomo, jambo ambalo sheria za mchezo zinaliruhusu.

Sasa nigeukie matumizi yanayomchanganya mwanafunzi.

La kwanza ni televisheni. Wahispania wanaigawa siku ya vipindi kwa vipande, na kipande cha saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni kinaitwa la sobremesa. Hapo hakuna tena habari ya nani anakaa na nani. Ni jina la saa. Taarifa ya habari ya televisheni ya taifa huanza saa tisa, na baadaye zinafuata tamthilia, filamu za mapenzi na maafa, na mbio za baiskeli wakati wa kiangazi. Kipindi cha maswali na majibu Saber y ganar kilianza Februari 1997 katika chaneli ya pili ya taifa, kikashika nafasi hiyo ya baada ya chakula, na mtangazaji wake Jordi Hurtado amekuwa sehemu ya chumba cha chakula cha Wahispania kuliko ndugu wengi wa damu. Mtu akisema una película de sobremesa hasifu. Anamaanisha filamu nyepesi, ya kutazamwa jicho moja limefumba. Tamthilia ya Venezuela iitwayo Cristal, iliyoonyeshwa Uhispania mwaka 1989 na 1990, ilishika nchi nzima mchana, na ikathibitisha kwamba saa hiyo ya shibe ni mali kwa wauza matangazo. Nasikitika kidogo kuhusu maana hii. Televisheni ilichukua jina la mazungumzo ikalipa kipindi cha kunyamaza.

La pili ni vifaa. Reloj de sobremesa ni saa inayosimama mezani au kabatini. Ordenador de sobremesa ni kompyuta isiyobebeka, na hapa Mswahili anapata raha, maana sisi tunasema kompyuta ya mezani, simu ya mezani, kwa fikra ileile kabisa. Mexico na Argentina watu hawasemi hivyo. Kwao kompyuta hiyo ni computadora de escritorio. Ukiisikia ya sobremesa, jua mzungumzaji ni wa Uhispania.

La tatu linahusu mgahawa, na ni la vitendo. Uhispania mhudumu hakuletei bili mpaka uiombe. Mgeni asiyejua hukaa nusu saa akinung'unika kwamba huduma ni mbovu. Kumbe anatendewa adabu. Kumletea mteja bili kabla hajaiomba ni kumwambia inuka. Ukitaka kuondoka, inua mkono uandike hewani, mhudumu ataelewa kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Nilisema kwamba siesta nimeiacha, ila kuna jambo lake moja haliachiki. Siesta imetokana na hora sexta, saa ya sita. Warumi walihesabu saa kuanzia macheo, kama tuhesabuvyo sisi, kwa hiyo saa ya sita ilikuwa adhuhuri. Mswahili ndiye mtu anayeweza kuielewa siesta bila maelezo, maana mpaka leo adhuhuri yetu ni saa sita. Lakini Uhispania ya leo saa na jua vimeachana. Usiku wa tarehe 16 Machi 1940 serikali ya dikteta Franco ilisogeza saa mbele kwa saa moja, nchi ikawa sambamba na Berlin, ingawa kijiografia iko chini ya Greenwich na hata magharibi yake. Uhispania bara haikurudi kwenye saa za Greenwich. Matokeo yake, Madrid wakati wa kiangazi jua hufika utosini saa nane na robo. Siyo sababu pekee ya Wahispania kula kwa kuchelewa, lakini mtu anayeketi saa nane na nusu na kuinuka saa kumi na moja hachelewi sana kwa hesabu ya jua. Tumbo lake limefuata jua, saa ya ukutani ndiyo iliyokimbia.

Wanasiasa wamekuwa wakitaka kurekebisha. Mwaka 2016 waziri mkuu Mariano Rajoy alipendekeza siku ya kazi iishe saa kumi na mbili jioni, na akataja uwezekano wa kurudi kwenye saa za Greenwich. Hoja zao zina uzito. Mfanyakazi wa duka mwenye kazi ya vipande viwili, asubuhi mpaka saa nane, kisha saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku, anafika nyumbani watoto wanalala. Mapumziko yale marefu ya mchana, yaliyokusudiwa apate kula nyumbani, hayamsaidii kama anaishi saa nzima mbali na duka. Siwezi kumwambia mtu huyo avumilie kwa ajili ya uzuri wa desturi. Wengi wa maofisini sasa wanakula kutoka kwenye kontena la plastiki mbele ya kompyuta, na sobremesa imerudi nyuma, imejihifadhi Jumamosi na Jumapili.

Imeguswa pia na mambo mengine. Zamani picha kamili ya sobremesa ya wanaume ilifungwa kwa maneno matatu, café, copa y puro, yaani kahawa, glasi ya kileo na sigara nene. Tarehe 2 Januari 2011 sheria ilipiga marufuku uvutaji ndani ya baa na migahawa yote, na wavutaji wakahamia nje. Ni sheria njema. Kinachonitia wasiwasi ni biashara. Katika Madrid na Barcelona migahawa mingi imejifunza kile wanachokiita doblar mesas, kuiuza meza ileile mara mbili mchana mmoja: kundi la kwanza saa saba na nusu, la pili saa tisa na nusu. Ukiweka nafasi unaambiwa mapema kwamba meza ni yako kwa muda kadhaa tu. Wahispania wanalalamika sana juu ya hili, na wanalalamika kwa kutumia neno lenyewe, kwamba hawaachiwi kufanya sobremesa. Jirani zao wa nchi nyingine huharakishwa vivyo hivyo, lakini malalamiko yao hayana pa kushika. Mhispania anajua kwa jina kile alichonyang'anywa.

Lipo shauri zito zaidi ya hayo yote, na nisingejisamehe nisipolisema. Nani anaosha vyombo? Mrudieni yule babu na makombo yake. Paella ilipoondolewa, nani aliiondoa? Nani aliuliza kuhusu kahawa, akaenda kuipika, akarudi na sinia, akakuta kiti chake kimekaliwa na mtoto? Kwa vizazi vingi sobremesa ya wanaume ilisimama juu ya miguu ya wanawake. Mama alizisikia nusu nusu hadithi za familia yake mwenyewe, kutoka jikoni, bomba likiwa wazi. Wanaoisifu sobremesa kama hekima ya watu wa Bahari ya Kati mara nyingi ni watu ambao hawakuwahi kuinuka mezani. Vijana wa sasa wameanza kubadilisha, na mabadiliko yenyewe ni mepesi: vyombo vinaachwa. Vinabaki mezani na jikoni mpaka maneno yaishe, kisha wote wanaosha. Bibi anapoambiwa siéntate, kaa, acha hivyo, huwa hatulii kwenye kiti, macho yanamkimbilia jikoni. Inachukua miaka kumfundisha mtu kwamba na yeye ana haki ya muda huo.

Kwa atakayealikwa, basi. Usiinuke baada ya kitindamlo ukidhani unawapunguzia wenyeji mzigo. Watahisi chakula hakikukuridhisha. Kahawa ukiulizwa, kubali, hata kama huinywi. Omba chai ya mimea, wanaiita infusión, watakuletea bila shida. Ukisimulia kitu na ukakatizwa, endelea kwa sauti zaidi. Ukitaka kuondoka, usiseme tu naondoka. Ngoja mazungumzo yashuke, kisha piga mapaja kwa viganja viwili useme bueno. Mwingine atajibu pues nada, maneno ambayo yakichambuliwa moja moja yanasema "basi hakuna kitu", lakini hapo yanamaanisha sawa, tumekubaliana kwamba imefika mwisho. Wote watasimama. Msidanganyike na kusimama huko. Mtasogea mpaka mlangoni mkiwa na makoti mkononi, na hapo mlangoni mtu atakumbuka jambo moja ambalo hajamwambia mtu, na mtasimama nusu saa nyingine.